Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi: Mikopo ya Mashine na Kisima Chetu

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Mambo ya hisa na riba atayasoma mweka hazina. Sisi tutasema juu ya maji, maana hapo ndipo tulipokaribia kuvunjika.

Mnakumbuka tulivyoanza kukopeshana mashine za kuvutia maji. Lilikuwa jambo jema. Mama aliyekuwa akimwagilia nyanya na vitunguu kwa ndoo kichwani alipumzika, na marejesho yalikuja kwa wakati. Lakini kiangazi cha mwaka wa tatu pampu ya mkono ya kitongoji ikaanza kutoa hewa. Tukamlaumu fundi. Fundi akaifungua, akakuta pampu nzima, maji ndiyo yameshuka. Na mashine zilizokuwa zikivuta usiku na mchana kwenye bustani za jirani zilikuwa zetu, za hela zetu. Wasio wanachama walitusema sana, na walikuwa na haki.

Bwana shamba alitueleza vizuri. Maji ya kisima ni mvua iliyozama ikakaa kwenye mchanga chini. Masika inaweka, kiangazi kinatoa, kama mfuko wetu tu. Wengine tulidhani mvua ikiwa nyingi basi akiba ni nyingi. Siyo lazima. Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika hapa Kilosa, ukabomoa nyumba na reli, watu wakalala kwenye mahema, na maji mengi yakapita zake kwenda Wami hadi baharini. Kilima kikiwa kitupu maji yanateremka mbio, hayapati nafasi ya kuzama.

Basi tukaweka masharti. Anayeomba mkopo wa mashine aonyeshe kwanza bustani yake iko umbali gani na kisima cha kunywa. Avute kwa zamu. Achimbe makingamaji shambani, na aziache mita 60 za ukingo wa mto kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyosema. Anayetaka kisima kirefu cha umwagiliaji atafute kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, siyo kuchimba kienyeji. Na kila Jumamosi kabla ya kikao tunashusha kamba yenye mafundo kisimani na kuandika limelowa fundo la ngapi. Mwanzoni tulichekwa, eti tunavua samaki.

Mwenzetu mmoja alinyimwa mkopo kwa masharti hayo, akajitoa. Alikuwa mwanzilishi. Hilo linatuuma mpaka leo, na kiti chake tumekiacha.

Sasa maombi ya mashine mpya yako mezani tena, na wengine mnanong'ona kwamba masharti yalegezwe kwa sababu mwaka huu mvua ilikuwa nzuri. Tutayajadili kikao kijacho, daftari la kamba likiwa wazi mbele yetu. Kwa leo, mgeni rasmi, tunakukaribisha kwanza kisimani, halafu chakula.