Kalamu ya Fundi na Mkono wa Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Imechapwa hapa kwa matakwa ya Kamati.)



Katibu wetu aliponitaka nitoe hotuba, nalimwambia kwamba sina elimu ya sheria wala ya uchumi, ila liko jambo moja nililolishughulikia kwa muda wa miaka kumi, nalo ni kalamu za wino zitengenezwazo kwa mkono na mafundi wadogo, wasiofanya kazi chini ya kampuni kubwa. Katibu alicheka, akasema, "Karani kuwahutubia makarani habari za kalamu ni kama kuwafundisha wavuvi habari za maji." Walakini aliliandika jina langu, nami nimesimama.

Najua ya kuwa siku hizi barua zetu nyingi hupigwa kwa mashine, na kalamu ya kutupa yatosha kwa mambo mengi. Lakini sahihi bado ni ya mkono, na karani hujulikana kwa hati yake. Wala sikuja kuwashawishi mnunue. Nataka kusema kwamba kitu kizuri kilichotengenezwa na mkono wa mtu humdai mnunuzi wake mambo mawili: akilipie kwa fedha yake halali pasipo kumdhulumu fundi wala watu wa nyumbani mwake, na akitie kazini. Asiyeweza hayo mawili, heri akiache dukani.

Mimi mwenyewe nalianza vibaya. Nilipoingia kazini naliwaona wakubwa wangu wamechomeka mfukoni kalamu zenye vishikizo vya rangi ya dhahabu, nikatamani. Nikanunua moja ya kiwandani, ikawa njema. Nikanunua ya pili kwa ajili ya rangi yake, na ya tatu kwa sababu mwenzangu alikuwa nayo. Kufikia mwaka wa nne nalikuwa na kalamu tisa ndani ya mkebe wa biskuti, na kwa hizo tisa naliandikia moja tu. Tatu nalikuwa nimezichukua dukani kwa mkopo. Na muhula ule mdogo wangu alirudishwa nyumbani kutoka shule, maana ada yake haikutimia.

Mjomba wangu aliyenilea alikuja mjini kuuliza habari hiyo. Aliufungua mkebe, akazihesabu kalamu, akaufunga. Akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Naliuza saba kwa hasara, nikalipa ada na deni. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Je, ni kweli kwamba mtenda kazi asikijali chombo chake? Mbona mjomba mwenyewe alikuwa na jembe alilofuliwa na mhunzi wa kijijini, wala hakumwazima mtu? Baadaye ndipo nilipotambua kwamba hakunilaumu kwa kulipenda jembe, bali kwa kuweka majembe tisa nami sina shamba la tisa.

Nilipokwenda kulipa deni langu la mwisho, mwenye duka, mzee wa Kihindi, alinionyesha kalamu yake mwenyewe. Ilikuwa nyeusi, nene, haina nakshi hata moja. Aliniambia kwamba ilikerezwa kwa mkono katika mji wa Rajahmundry, ukingoni mwa mto Godavari, upande wa kusini mashariki wa India. Kwa maneno yake, na kwa kusoma baadaye, nikapata habari za fundi K. V. Ratnam.

Ratnam alikuwa sonara. Yasimuliwa kwamba mwaka 1921 alimwendea Mahatma Gandhi na kazi zake za kuchonga mihuri, naye Gandhi akamwambia afanye kitu kitakachowafaa watu wote. Miaka ile Gandhi alikuwa akiwahimiza Wahindi wavae nguo zilizosokotwa na kufumwa kwao, waache za kigeni. Na jambo hilo waliliita swadeshi, yaani mambo ya nchi yetu wenyewe. Sasa fikirini: karani wa India aliweza kuvaa nguo ya kwao, lakini kalamu yake ilitoka ng'ambo. Ratnam akaichagua kalamu, na mwaka 1932 akaanza kazi hiyo mjini kwake.

Mwezi wa Julai 1935 Gandhi alimwandikia barua kutoka Wardha. Alimshukuru kwa kalamu aliyopelekewa kwa mkono wa J. C. Kumarappa, aliyekuwa katika chama cha kazi za mikono za vijijini. Alisema kwamba ameitumia, na kwamba anaona yafaa kushika mahali pa kalamu za kigeni zionekanazo sokoni. Barua yenyewe ni fupi, haina sifa nyingi. Lakini fundi ataka nini zaidi ya kuambiwa, "Nimeitumia, inafaa"?

Yafaa sasa niseme kazi yenyewe inavyofanywa, maana mtu hawezi kuithamini kazi asiyoijua.

Kalamu za namna ile hukerezwa katika fimbo ya ebonaiti. Ebonaiti ni utomvu wa mpira uliochanganywa na salfa nyingi na kupikwa hata ukawa mgumu kama pembe. Mmarekani Charles Goodyear alipewa hataza ya kuupika mpira kwa salfa mwaka 1844, na ndugu yake Nelson akapewa ya mpira huu mgumu mwaka 1851. Jina lake limetokana na jina la Kiingereza la mti mweusi wa namna ya mpingo, kwa weusi wake na ugumu wake.

Fundi huikata fimbo, akaifunga katika kerezo, akaitoboa katikati, kisha akachonga hesi za ndani na za nje ili mwili na kifuniko vishikane. Akiharakisha, fimbo hupasuka, na kazi ya asubuhi nzima hupotea. Chini ya nibu huweka ulimi wa ebonaiti wenye mfereji mwembamba sana. Hapo ndipo penye siri yote ya kalamu ya wino. Wino huvutwa na wembamba wa njia ile, ukashuka kidogo kidogo. Na kila ushukapo, hewa hupanda kushika mahali pake. Lewis Waterman wa New York alipewa hataza ya ulimi wa namna hiyo mwaka 1884. Mfereji ukizidi upana, kalamu hutema wino. Ukizidi wembamba, kalamu huona kiu katikati ya neno. Basi fundi huandika, akatazama, akachonga tena, akaandika tena, mpaka wino ufuate mkono.

Nibu iliyo bora ni ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu hailiwi na wino wenye asidi. Lakini dhahabu ni laini, karatasi ingeimaliza upesi. Kwa hiyo nchani hutiwa punje ya madini magumu ya jamii ya iridiamu. Mwenye kununua na aitazame nibu kwenye mwanga, aone kama ufa wake umenyooka na pande zote mbili ziko sawa. Na akifunge kifuniko polepole: kiingie pasipo kulazimishwa, na kikifika mwisho kisicheze. Kisha aandike jina lake bila kukandamiza. Kalamu itakayo kukandamizwa si kalamu, ni patasi.

Kalamu yangu ya kwanza ya mkono haikuwa ya Ratnam. Ilitoka katika karakana nyingine ndogo ya India. Naliweka akiba miezi minane, nikailipia taslimu. Kalamu hiyo haina mpira wala bomba la kuvutia wino. Mwili wake wote ndio kidau. Huufungua, ukatia wino kwa kitoneo, ukapaka hesi grisi kidogo ili isivuje. Nilifurahi kama mtoto, nikaichukua ofisini kabla sijazijua tabia zake.

Siku moja alikuja mezani pangu mzee mmoja, tarishi aliyetumikia serikali miaka thelathini, kukamilisha karatasi zake za pensheni. Alikwisha kutia alama ya kidole gumba, na shahidi wake alikwisha kutia sahihi na kuondoka. Ilibaki mimi kuandika tarehe. Nikaitoa kalamu yangu kwa majivuno, nayo ilikuwa karibu kwisha wino. Nilipoiinamisha, tone kubwa likaanguka juu ya jina la mzee yule.

Ninyi nyote mwajua kwamba karatasi ya namna ile haipokelewi ikiwa na doa. Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu, "Basi nirudi kesho, Bwana Karani?" Kijiji chake kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na shahidi naye sharti aje tena.

Kwanza naliikasirikia kalamu. Lakini nilipochunguza naliona kosa ni langu. Wino ukipungua sana, mwili wa kalamu hujaa hewa; joto la mkono huipanua hewa, nayo huusukuma wino nje. Dawa yake ni nyepesi mno: ijaze kabla wino haujashuka chini ya robo. Wapenda kalamu wenye uzoefu wa namna hii hulijua jambo hilo, ila mimi nalipenda kuonekana nayo kuliko kuijua. Mzee aliporudi nalimlipia nauli yeye na shahidi wake, ingawa nauli haimrudishii mtu siku yake.

Tangu siku hiyo nimeshika taratibu chache. Kalamu ngeni huandika nyumbani kwa mwezi mzima kabla ya kuigusa karatasi ya mtu. Huiosha kwa maji baridi, kwani maji ya moto huiharibu rangi ya ebonaiti. Wala siiachi juani, maana weusi wake hugeuka kuwa kahawia. Siitii kamwe wino wa wachoraji ramani, ambao ukikauka ndani huziba mfereji kama gundi. Na ninalo daftari ambamo naandika kila kalamu niliyonunua: fundi wake, mji wake, bei yake, na kazi niliyoipa. Kalamu nisiyoweza kuiandikia kazi, siinunui. Kwa kanuni hiyo, katika miaka sita nimepata tatu tu. Moja ni ya daftari la masjala, moja ni ya barua za nyumbani, na ya tatu, yenye nibu pana, ni ya sahihi. Mkebe wa biskuti sasa watia sindano za mke wangu.

Mabibi na Mabwana, nakaribia mwisho. Mtu aweza kuniuliza, "Habari za sonara wa Rajahmundry zatuhusu nini sisi?" Zatuhusu, kwa sababu kazi hii si ngeni kwetu. Neno kalamu lilitujia kwa Kiarabu, na asili yake ya Kiyunani ni tete. Na kwa kalamu za matete wenyeji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili misahafu iliyosifiwa pwani nzima. Kukereza nako ni kazi ya kale kwetu. Tazameni miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu. Tena mpingo wetu huchukuliwa ng'ambo kufanyiwa klarineti, ambazo upana wa tundu lake hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Basi nalimwendea fundi mmoja wa mji huu, mkereza miguu ya meza, nikampa kipande cha mpingo. Cha kwanza kilipasuka, maana mti haukuwa umekauka. Cha pili kilisimama. Kwa kuwa wino haukai ndani ya mti, hatukufanya kalamu ya kujazwa. Tulifanya mpini wa nibu ya kuchovya, mwembamba, wenye pete mbili alizozikereza kwa shauri lake mwenyewe. Alitaka ujira sawa na mshahara wangu wa siku mbili. Mwenzangu wa ofisini akaninong'oneza, "Mpe nusu, atakubali."

Kweli angekubali. Lakini naliwaza: sisi hukutana katika chama hiki mwezi baada ya mwezi tukidai kwamba ujira wetu ulingane na kazi yetu. Tutasemaje hayo kwa mwajiri, ikiwa sisi wenyewe tukisimama mbele ya fundi twamlipa kwa kadiri ya shida yake? Nalimlipa alichotaka. Kipande kilichopasuka nacho nalikilipia, kwa kuwa mti ulikuwa wangu.

Mswada wa hotuba hii naliuandika kwa mpini huo. Nimeuleta, nao utapita mikononi mwenu mwone jinsi ulivyokerezwa. Jina la fundi na mahali pa karakana yake nitampa atakaye baada ya mkutano. Nawaomba jambo moja tu, Bwana Mwenyekiti: safu ya mwisho ikiisha kuutazama, urudi mbele, maana kesho una kazi.