PIKIPIKI ISIYO NA BREKI
(Mazungumzo na wanakisomo, baada ya darasa la jioni)



Leo nitawaeleza habari za mtu mmoja wa nchi ya Denmark, huko Ulaya. Jina lake ni Erik Gundersen. Kazi yake ilikuwa kushindana kwa pikipiki.

Kwanza tuielewe pikipiki yenyewe. Sisi pikipiki tunazijua. Zinabeba magunia, zinapeleka wagonjwa zahanati. Lakini hii ya mashindano ni nyingine. Ina gia moja tu. Haitumii petroli, hutumia spiriti iitwayo methanoli. Tena haina breki!

Naona wengine mnacheka. Sababu ipo. Wapandaji huenda karibu karibu sana. Wa mbele akifunga breki ghafla, wa nyuma watampanda. Basi wakifika kwenye kona, huliachia gurudumu la nyuma liteleze kwa upande. Mtelezo huo ndio unaopunguza mwendo. Mguu wa kushoto huburuzwa chini, na kiatu chake kina chuma.

Wapandaji wanne huondoka pamoja. Huzunguka kiwanja cha udongo mara nne, na kona zote ni za kushoto. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Wa mwisho hapati kitu. Mbio nzima ni kama dakika moja. Lakini katika dakika hiyo mtu anaweza kupoteza maisha.

Gundersen alizaliwa mwaka 1959 katika mji wa Esbjerg. Mwaka 1979 alikwenda Uingereza, akajiunga na timu ya Cradley Heath. Akawa bingwa wa dunia mara tatu: mwaka 1984, 1985 na 1988. Ule mwaka 1988 mashindano yalikuwa Vojens, kwao Denmark. Yeye na mwenzake wa Denmark, Hans Nielsen, walilingana kwa pointi 14. Ikabidi washindane tena. Gundersen akashinda.

Haya, sasa sikilizeni. Tarehe 17 Septemba 1989, timu za mataifa zilikutana Bradford, Uingereza. Mbio ya kwanza tu, wapandaji wakagongana, wakaanguka. Gundersen akaumia vibaya shingoni. Akawa mahututi hospitalini. Umri wake ulikuwa miaka 29.

Hakufa. Alipona polepole, akajifunza kutembea upya kama mtoto. Lakini mashindano ndiyo yalikuwa yamekwisha.

Je, ndugu zangu, mtu huyu alikuwa amebakiwa na nini? Mwili haukuwa tena ule wa zamani. Lakini ujuzi ulikuwapo. Baadaye alifanywa kiongozi wa timu ya taifa ya Denmark.

Kiongozi wa timu hapandi pikipiki. Yeye huchagua wapandaji. Huutazama udongo, umekauka au umelowa. Timu ikiachwa nyuma, huamua nani aingie badala ya nani. Kijana akianguka, au akiwa na hasira, yeye humtuliza. Na nani ataweza kumtuliza aliyeanguka kuliko yule aliyewahi kuanguka?

Sasa turudi hapa kwetu. Kijiji gani hakina fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa? Ngazi hapandi tena. Anakaa chini ya mwembe, na vijana wanampita wakienda kujenga nyumba zitakazovuja. Hawamwulizi kitu. Tunasema, "Huyo kazi yake imekwisha." Kazi ya miguu imekwisha, kweli. Ya kichwa je?

Na wewe uliyeumia, usingoje kubembelezwa. Ita vijana wawili, uwaelekeze.

Mkifika nyumbani zungumzeni swali hili: Ni nani katika kijiji chetu anayejua kazi, lakini tumeacha kumwuliza? Kesho mwendeeni.