Mchanga wa Watamu Haukai Mahali Pamoja



Mtu wa bara afikaye Watamu mara ya kwanza hudhani kwamba ufuko wa bahari ni mahali palipotulia, na kwamba mchanga aukanyagao leo ndio ule ule uliokanyagwa na wazee wa zamani. Mvuvi hadhani hivyo. Akirudi baada ya miezi sita, huenda akakuta mwamba umejitokeza mahali alipozoea kuvutia ngalawa yake juu ya mchanga mtupu.

Sababu yake ni pepo. Tangu Aprili hivi mpaka Septemba huvuma kusi, upepo wenye nguvu, na mawimbi yake huukokota mchanga kwenda upande wa kaskazini. Tangu Desemba mpaka Machi huja kaskazi, iliyo pole zaidi, na mchanga mwingi hurudi. Mambo hayo huonekana waziwazi huko Malindi, mwendo mfupi kutoka Watamu, ambako mto Sabaki humwaga udongo mwekundu uliochukuliwa na mvua katika mashamba ya bara. Wakati wa kusi maji hayo mekundu huelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi huja Malindi yenyewe, na kwa miaka mingi ufuko wa hapo umezidi kupanuka. Basi mkulima wa Ukambani asiyekinga shamba lake kwa matuta asidhani kwamba udongo wake umepotea. Uko Malindi.

Juu ya pepo kuna maji kujaa na kupwa, mara mbili kila siku, nayo huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku ipitayo. Mwezi uandamapo, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hupanda juu kabisa, kisha hupwa mbali sana, hata watu wakaenda kwa miguu miambani kutafuta pweza.

Atakaye kuona wanyama wa mahali hapo na aamke alfajiri, kabla nyayo za watu hazijauvuruga mchanga. Atawaona kaa wenye rangi ya mchanga, kila mmoja karibu na shimo lake. Atawaona ndege wadogo wakimbiao mbele ya wimbi na kulifuata lirudipo. Baadhi yao wameanguliwa Siberia. Katika hori ya Mida huja ndege wengine, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao chakula chao kikubwa ni kaa. Hao hutaga huko Uarabuni na Bahari ya Shamu, tena hutaga ndani ya mashimo wayachimbayo mchangani, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa pwani.

Lakini alama itafutwayo zaidi ni njia ya kasa, iliyo mfano wa alama ya tairi la trekta. Kasa jike hupanda usiku, akachimba, akataga mayai 100 au zaidi, akayafukia na kurudi baharini. Hayaatamii. Joto la mchanga ndilo lifanyalo kazi hiyo kwa muda wa miezi miwili hivi, na joto hilo hilo ndilo liamualo watoto watakuwa wa namna gani. Mchanga ukizidi kiasi cha digrii 29, wengi wao huwa majike. Ukipungua, wengi huwa madume. Kwa hiyo mti ukatwao ufukoni huondoa zaidi ya kivuli cha watu.

Sasa tazameni taabu ya kasa huyo. Mwenye nyumba aonaye mchanga ukipungua wakati wa kusi huogopa, akajenga ukuta wa mawe. Wimbi lipigalo ukuta hurudi kwa nguvu na kuuchukua mchanga ulio mbele yake, hata ufuko ukazidi kushuka. Kasa akifika hukuta jiwe. Huenda akarudi bila kutaga, au akataga chini ya ukuta, mahali ambapo bamvua ijayo itayafunika mayai.

Tangu mwaka 1997 wako watu Watamu walindao viota hivyo. Kiota kikiwa chini mno, mayai huhamishwa juu, katika shimo jipya lenye kina kama lile la kwanza. Kazi hiyo haingoji. Yai la kuku hugeuzwa na mama yake kila siku, lakini yai la kasa likigeuzwa baada ya saa chache tu, mtoto aliyemo hufa. Kwa hiyo mlinzi hulichukua kila yai polepole, upande wa juu ukibaki juu, na jambo hilo lazima limalizike asubuhi ile ile, kabla jua halijawa kali na maji hayajaanza kujaa.