Amani Nayo Ina Gharama Yake
Dominika ya 23 ya Mwaka C



Katika Injili ya Dominika hii (Lk 14:25-33) Bwana wetu anautazama umati mkubwa unaomfuata njiani, na badala ya kufurahia wingi wao anawataka wakae chini wapige hesabu. Anawapa mifano miwili. Wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujenga mnara. Wa pili, ambao napenda tuutafakari leo, ni wa mfalme mwenye askari elfu kumi anayesikia kwamba mwenzake anamjia na askari elfu ishirini. Mfalme mwenye busara hakimbilii upanga. Huketi kwanza akafanya shauri, na akiona hataweza, hutuma wajumbe wakati mwenzake angali mbali, wakaulize masharti ya amani.

Ni kweli kwamba Bwana hakuutoa mfano huu ili kuwafundisha wafalme namna ya kutawala. Alitaka tujue kwamba kumfuata yeye kuna gharama, na kwamba asiyekubali kuachilia alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wake. Lakini alichagua mfano ambao wasikilizaji wake waliuelewa mara moja, kwa maana walijua vita ni nini, na walijua ni nani hulipa gharama yake. Nasi watu wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hilo.

Tarehe 6 Juni 1967, mjini Kampala, Marais Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitia sahihi mkataba wa kuunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanzania zikawa na mashirika ya pamoja ya reli, bandari, posta na simu, na ndege. Ulikuwa mnara wa kupendeza. Lakini haukupita muongo mmoja manung'uniko yakaanza kuula msingi wake. Nchi zililalamikia mgawanyo wa faida, zikatofautiana katika siasa za uchumi. Na Idi Amin alipotwaa madaraka nchini Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi naye meza moja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, na wakati huo haikuwapo tena meza ya Jumuiya ya kuwakutanisha majirani.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Wafanyakazi wa Jumuiya walitawanyika, na baadhi yao walidai stahili zao kwa miaka mingi. Wako waliofariki kabla hawajazipata. Ndugu waliokaa pande mbili za mpaka walikatwa mawasiliano. Wakuu wanapokosana huongea kwa matangazo na hotuba, lakini gharama hulipwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika mkataba wowote.

Je, watu waliokosana namna hiyo hupatanaje? Hapa tulisikilize somo letu la pili, Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni. Paulo yu kifungoni, amezeeka, naye anasimama katikati ya watu wawili: Filemoni aliye bwana, na Onesimo aliyekuwa mtumwa wake. Anamwomba Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa. Tena mkiusoma waraka huo hadi mwisho, mtaona kwamba Paulo hamwambii Filemoni asahau tu yaliyopita. Anasema kwamba ikiwa liko deni, liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalilipa. Mpatanishi wa kweli halifichi deni chini ya mkeka. Hulitaja, hulihesabu, na hutafuta namna ya kulilipa.

Ndivyo ilivyotendeka kwetu. Baada ya Jumuiya kuvunjika, nchi zetu tatu zilikubali mpatanishi mmoja, mwanadiplomasia wa Uswisi aitwaye Victor Umbricht. Kazi yake haikuwa ya kushangiliwa. Alihesabu mali na madeni ya mashirika yaliyokufa, akasafiri huku na huku kati ya serikali ambazo hazikuaminiana. Kazi hiyo ilichukua miaka. Tarehe 14 Mei 1984, mjini Arusha, nchi zote tatu zilitia sahihi makubaliano ya kugawana mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Na kwa kuwa mali iliyokuwa tayari mikononi mwa Kenya na Tanzania ilizidi mafungu yao, zilitakiwa kuifidia Uganda.

Wapendwa, lizingatieni jambo hili. Katika makubaliano hayo hayo ya kugawana mali ya nyumba iliyobomoka, liliandikwa pia neno la kutafuta njia za kushirikiana tena siku za mbele. Mbegu ya Jumuiya mpya ilipandwa katika hati ya kulipana madeni! Haki ilitangulia, urafiki ukafuata. Tarehe 30 Novemba 1999 Marais Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walitia sahihi mkataba mpya, pale pale Arusha. Mkataba huo unakiri wazi katika utangulizi wake sababu zilizoiua Jumuiya ya kwanza: utashi dhaifu wa kisiasa, wananchi kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kugawanyika pasipo uwiano. Leo Jumuiya hiyo ina nchi 8, baada ya Rwanda na Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia kujiunga.

Lakini tusijidanganye. Kuwa katika Jumuiya moja hakutoshi. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulitekwa na waasi wa M23, na nchi mbili wanachama, Kongo na Rwanda, zikawa zinashutumiana mbele ya dunia. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Jumuiya yetu na wenzao wa nchi za kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam kutafuta usitishaji wa vita. Wako waliouliza: mikutano hii ina faida gani, ikiwa risasi bado zinalia? Swali hilo ni la haki, nalo linatoka katika mioyo iliyoumia. Injili inatujibu kwamba wajumbe hutumwa wakati mwenzako angali mbali. Wanaposubiriwa hadi nyumba zinawaka, kazi yao huwa ngumu mara mia. Ni ngumu, lakini haijawa bure. Itazameni Burundi. Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya Warundi mpaka kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999; Mzee Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo, na tarehe 28 Agosti 2000 makubaliano ya amani yakatiwa sahihi Arusha. Hata baada ya sahihi hizo damu iliendelea kumwagika. Askofu Mkuu Michael Courtney, Balozi wa Baba Mtakatifu nchini humo, aliyejitoa kuwapatanisha Warundi, alipigwa risasi na kufariki tarehe 29 Desemba 2003. Huyo alikwisha kupiga hesabu ya gharama, naye hakurudi nyuma.

Basi, hapa ndipo mfano wa Bwana unapokutana na fundisho lake. Hakuna amani kati ya mataifa ikiwa kila taifa linataka kubaki na vyote. Anayeketi mezani sharti aachilie kitu: sehemu ya faida, sehemu ya ardhi anayoidai, au ile fahari ya kusema kwamba yeye hakukosa kamwe. Kuachilia huko ni msalaba, na msalaba hauchukuliwi na wakuu peke yao.

Maana sisi nasi tumo katika hesabu hii. Wakuu hutia sahihi, lakini wananchi ndio huitunza au kuitupa. Tunapowaita majirani zetu kwa majina ya dharau, tunapocheka habari za mauaji kwa sababu waliouawa si wa kabila letu wala wa nchi yetu, tunaubomoa mnara jiwe kwa jiwe. Mkimbizi aliyevuka Ziwa Tanganyika si mzigo tu wa serikali. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Wako waliozaliwa humo na kukua humo, wasiijue nchi ya baba zao. Hao ndio gharama ya wajumbe waliochelewa.

Nanyi makatekista, nawaombeni kitu kimoja. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo juma hili, msiishie kuiombea amani ya mbali. Ulizeni: kuna ugomvi gani wa mpaka wa shamba, wa mahari, wa deni, ambao ungali mdogo leo? Watumeni wazee wawili waende mapema. Deni litajwe wazi, lihesabiwe, lilipwe. Mkristo asiyeweza kupatana na jirani wa ng'ambo ya kijito hana la kuwaambia marais.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetupatanisha nawe kwa msalaba wa Mwanao, wape viongozi wetu hekima ya kuketi na kufanya shauri kabla ya kuinua silaha. Wafariji waliofiwa na waliokimbia makwao. Nasi utujalie moyo wa kuachilia, ili tuwe wajumbe wako wa amani. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!