Soma Betri Yako Kabla Jua Halijachomoza

Wasikilizaji wetu wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na wa mji wa Kismayo, leo tunazungumzia sola ya nyumbani: namna ya kuikagua na kuipanga ili betri idumu.

Kwanza, kipimo. Alfajiri, kabla jua halijapiga paneli, zima taa na vyombo vyote. Iache betri itulie, kisha soma volti kwenye kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ukiikuta chini ya hapo kila asubuhi, ujue matumizi yameshinda jua: punguza saa za televisheni au ongeza paneli. Usiamini kipimo cha mchana, kwa sababu chaji inayoingia huipandisha namba.

Pili, mpangilio. Ichagulie kontrola aina sahihi ya betri. Betri ya lithiamu isichajiwe kwa mpango wa betri ya risasi. Baadhi ya kontrola huacha betri ya risasi ishuke hadi volti 11 ndipo zikate umeme. Pandisha kikomo hicho hadi karibu 11.8.

Tatu, chumvi. Huku visiwani na pwani upepo wa bahari huacha ukungu wa chumvi juu ya kioo na kutu kwenye viungo vya nyaya. Futa paneli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, asubuhi, kioo kikiwa bado hakijapata moto.

Ndugu msikilizaji, andika namba ya betri kila alfajiri kwa wiki moja. Ikishuka siku hadi siku, chukua hatua mapema.