Usimuulize "Umeona?" Mwambie "Nionyeshe"



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mlio nasi, Ramadhan ni mwezi ambao kila mtu huangalia juu. Jioni ya mwezi kuandama twaulizana: nani kauona? Na yule anayesema "mimi nimeuona" amebeba jukumu kubwa, kwani watu watafunga na watafungua kwa neno lake. Mada yetu ya leo ni ndogo, lakini yagusa jambo hilo hilo. Ukimuonyesha mtoto wako mbingu kwa darubini, je, huona kweli, au hukwambia tu kwamba ameona?

Mtoto wa miaka 4 au 5 aghalabu hawezi kufumba jicho moja akatulia. Akiinama kutazama huishika darubini, ikatikisika, na mwezi ukatoka. Hata asipoigusa, ardhi yazunguka: kwa darubini isiyo na mota, mwezi husogea kiasi cha upana wake mzima kila dakika 2. Nyuma yake wamepanga foleni ndugu zake. Baba auliza, "Umeona?" Mtoto ajibu, "Ndiyo." Amejibu ili akufurahishe. Tukifanya hivyo usiku baada ya usiku, twamzoesha kushuhudia asichokiona.

Dawa ipo. Funga kamera kwenye darubini, picha itokee kwenye skrini papo hapo, muitazame pamoja. Sasa swali: kamera gani?

Kwanza, anza na simu uliyonayo. Kuna vibanio vya kuishikilia simu mbele ya lenzi ya jicho, na picha yaweza kupelekwa kwenye televisheni. Simu huona giza jingi ikazidisha mwanga, mwezi ukawa doa jeupe tupu. Gusa mwezi kwenye skrini, kisha punguza mwanga mpaka mashimo yake yatokee. Angalia pia uzito, maana darubini ndogo huinama kwa simu nzito.

Pili, kuna kamera ndogo za USB ambazo huingia mahali pa lenzi ya jicho, kwenye tundu la inchi 1.25, na waya ukaenda kwenye kompyuta. Kwa mtoto chagua ya rangi, inayotoa picha zisizopungua 15 kwa sekunde, na inayokuruhusu kupunguza na kuongeza mwanga mwenyewe. Usibabaishwe na wingi wa pikseli. La kuuliza ni ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga. Darubini ya urefu wa fokasi wa milimita 900 huchora mwezi wenye upana wa kama milimita 8. Ikiwa kipande hicho kina milimita 5 kwa 4, hutaupata mwezi mzima, utapata sehemu yake tu. Kwa kuonyesha mashimo, hiyo ni sawa kabisa. Lakini kuupata mwezi ni kazi, na mtoto hana subira. Basi ile darubini ndogo ya kulengea irekebishe mapema, kwa mnara wa msikiti ulio mbali, upande usio na jua.

Tatu, kamera kubwa za kubadilisha lenzi. Kama unayo, itakuonyesha mwezi mzima, na nyingi huunganishwa na televisheni kwa waya. Lakini ni nzito, na kwenye darubini nyingi za kioo picha hukataa kukaza kwa sababu kamera haiwezi kusogea ndani vya kutosha. Mara nyingi lenzi ya Barlow hutatua hilo. Uliza kabla ya kununua.

Na zile picha za mawingu ya nyota zenye rangi? Hizo hukusanywa mwanga kwa sekunde au dakika nyingi. Zipo darubini zinazofanya hivyo zenyewe, kama Seestar S50 iliyotoka mwaka 2023. Ni nzuri, ila mwambie mtoto ukweli: huu ni mwanga uliokusanywa, jicho lako peke yake halingeuona hivi.

Haya, kamera ishafungwa. Usimuulize mtoto "umeona?" Mwambie "nionyeshe." Aweke kidole kwenye skrini. Mwambie apitishe mkono mbele ya darubini. Skrini itaingia giza, naye atajua hii si video. Ataona pia picha ikitetemeka kama kitu kilicho chini ya maji: ni hewa iliyo juu yetu. Kisha, na hili msilisahau, mwacheni atie jicho kwenye lenzi yenyewe. Sasa ajua anatafuta nini.

Usiku mzuri ni kuanzia mwezi 7 hadi 10, baada ya tarawehe, vivuli vikiwa virefu. Karibu na katikati ya mwezi mtafutieni shimo kubwa liitwalo Albategnius. Ni jina la Al-Battani, mwanafalaki aliyefariki mwaka 929. Na kwenye ukingo wa mwezi liko shimo la Alhazen, yaani Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeeleza katika Kitab al-Manazir kwamba twaona kwa mwanga unaoingia jichoni, na aliyechunguza mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Kamera yako ni chumba hicho hicho.

Tahadhari moja, nawasihi sana. Watoto watataka kutafuta hilali wakati wa Maghrib. Msiifunue darubini mpaka jua lizame lote. Jua ndani ya darubini hupofusha jicho kwa kufumba na kufumbua, na huunguza kamera. Na tangazo la mwezi lina wenyewe, Kadhi Mkuu na maulamaa. Skrini ya nyumbani ni ya kusomea.

Mtoto akikwambia "sioni", usimkemee. Mshukuru. Huyo ndiye ambaye kesho akisema "nimeuona", watu watamuamini.