Mafiga Matatu ya Jamhuri Yetu

(Hotuba ya kamati katika sherehe ya Siku ya Jamhuri)



Kila tarehe 12 Desemba tunakutana, tunaimba wimbo wa taifa, tunakula pilau, kisha tunarudi makwetu. Mwaka huu, sisi wa kamati tumeona tujibu swali ambalo watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza hutuuliza: nani mkubwa Kenya? Ni Rais, ni Bunge, au ni majaji?

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Waliopika kwa kuni wanajua. Mafiga ni matatu, na lazima yaachane kidogo. Yakishikana, moto hauna pa kukaa. Moja likisogea, chungu kinapinduka. Bunge hutunga sheria na kupitisha bajeti. Rais na mawaziri huendesha serikali. Mahakama hufasiri sheria na kuamua kesi. Na chungu chenyewe? Kifungu cha kwanza cha Katiba kinasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Chungu ni chetu.

Watoto, hapa mmezoea kumwona Waziri Mkuu akihojiwa ndani ya Bunge kwa sababu naye ni mbunge. Kwetu, tangu Katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge. Nia ni kwamba anayetumia fedha za umma asiwe yeye yule anayepiga kura ya kumkagua.

Lakini kuachana si kutengana. Rais anaweza kukataa kutia saini mswada na kuurudisha Bungeni, nalo Bunge linaweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili ya kura. Rais huteua majaji, lakini kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama, na hawezi kuwafuta kazi apendavyo.

Wazee wetu wanajua kwa nini hilo liliandikwa. Mwaka 1988, nchi ikiwa na chama kimoja tu, Bunge lilibadilisha Katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Ulinzi huo ulirudishwa 1990. Jaji anayejua kwamba kesho anaweza kuamka hana kazi, ataamuaje kesi dhidi ya yule anayeweza kumfuta?

Tazameni tofauti. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti. Rais alisema hakubaliani na uamuzi huo, lakini atauheshimu. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Katika ukumbi huu wapo waliofurahi siku ile na wapo waliokasirika, na hatukuja kufufua ugomvi. Tunasema tu kwamba figa moja lilikaa mahali pake. Hata hapa Uingereza, Septemba 2019, majaji 11 wa Mahakama ya Juu walisema kwa kauli moja kwamba kusimamishwa kwa Bunge kulivunja sheria, na wabunge wakarudi kazini.

Sasa, sisi tulio mbali tunahusikaje? Mwaka 2013, Wakenya wa nje waliopiga kura ni wale walio katika nchi jirani za Afrika Mashariki. Sisi tulitazama kwenye runinga. Wapo Wakenya waliokwenda mahakamani kudai haki hiyo, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema haki ipo, ila itatimizwa hatua kwa hatua. Mwaka 2022 nchi zilifika 12, Uingereza ikiwemo, na baadhi yetu tulipanda treni alfajiri kwenda London kumpigia kura rais. Bado hatumchagui mbunge wala gavana tukiwa huku.

Somo ni hili: mahakama inaweza kusema haki ipo, lakini haichapishi karatasi za kura. Tume ya uchaguzi huandaa vituo, lakini haijipi fedha. Fedha na sheria ziko Bungeni. Kwa hiyo anayetaka kituo karibu na mji wetu ajue ni mlango upi wa kubisha. Kulalamika kwa mjumbe wa ubalozi peke yake ni kumlaumu mpishi kwa bei ya unga.

Na tusiwafundishe watoto kwa maneno matupu. Kuna wakati chama chetu hiki kilikuwa na mtu mmoja aliyeshika fedha za msiba, akaamua nani asaidiwe, tena akasikiliza malalamiko. Hakuiba hata senti. Lakini familia moja iliponyimwa msaada, ilikata rufaa kwa nani? Kwa yeyeyule. Ikaondoka, na nyingine zikaifuata. Ndipo tukagawa kazi: mkutano unapitisha kanuni, kamati inatekeleza, na wazee watatu wasio wa kamati wanasikiliza rufaa. Familia ile leo imekaa nasi hapa, na tunaishukuru kwa kurudi.

Watoto wetu, Katiba inasema aliyezaliwa na mama au baba Mkenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Basi mkiulizwa nani mkubwa Kenya, msitaje figa lolote. Semeni: mwenye chungu. Nanyi ni miongoni mwao, kwa hiyo msiache kuangalia moto.

Heri njema ya Jamhuri.